Kupima Hali na Thamani ya Kompyuta Kuukuu: Mwongozo Kamili kwa Mnunuzi na Muuzaji wa Kigoma

Kompyuta kuukuu hufika Kigoma kwa njia nyingi. Nyingine hushuka na treni ya Reli ya Kati pamoja na mizigo ya Kariakoo, nyingine hutoka kwenye minada ya ofisi na mashirika yanayobadilisha vifaa vyake, na nyingine zimekaa tu majumbani, zimefunikwa kitambaa juu ya kabati huko Ujiji au Katubuka tangu mtoto wa nyumba hiyo alipomaliza chuo. Zote, siku zinapopelekwa kuuzwa, huulizwa swali moja: inawaka? Swali hilo limewatia hasara watu wengi ninaowafahamu, kwa sababu kompyuta inayowaka yaweza kuwa na diski iliyobakiza wiki mbili tu za uhai, na ile iliyokataa kuwaka yaweza kuwa inadai kifutio cha shule na dakika kumi za uangalifu.

Kwa miaka ninayofanya kazi ya ufundi wa kompyuta hapa Mwanga nimejifunza kwamba ukaguzi unaoaminika ni ule unaofuata mpangilio, na kwamba kuwasha si hatua ya kwanza. Kwanza unaitambua mashine, kisha unaitazama ndani ikiwa haina umeme, ndipo unaiwasha, unaipima, na mwisho kabisa unataja bei. Anayeanza na bei hubahatisha, na anayeanza na swichi mara nyingine huiua mashine ambayo ilikuwa hai.

Vifaa vya kuwa navyo

Huhitaji karakana. Chukua bisibisi ya nyota, tochi, brashi laini ya kupakia rangi ambayo haijawahi kutumika, kifutio cheupe cha penseli, spiriti safi ya kusafishia vifaa vya umeme, na multimeta ya kawaida. Ongeza betri mpya ya mviringo iliyoandikwa CR2032, kipande kimoja cha RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, unachojua ni kizima, na flashi mbili: moja iwe na Linux, mfumo endeshi wa bure, inayoweza kuwaka bila kusakinishwa, nyingine iwe na programu ya kupima RAM iitwayo Memtest86+, ambayo hupatikana bure. Flashi hizo mbili zitakuonyesha mengi kuliko maelezo yoyote ya muuzaji, hata akiwa mkweli, maana muuzaji mkweli husema anachokijua, na mara nyingi hakijui kilichomo ndani.

Hatua ya kwanza: itambue mashine kabla hujaigusa swichi

Umri wa kompyuta husomeka nje yake. Tafuta kibandiko cha Windows ubavuni, juu au chini: kibandiko cha Windows XP kinaashiria mashine ya mwaka 2001 na kuendelea, cha Vista ni cha 2007, cha Windows 7 ni cha 2009, na cha Windows 8 ni cha mwishoni mwa 2012. Kisha geuza mgongo wa mashine. Matundu ya mviringo ya rangi ya zambarau na kijani ni ya kibodi na kipanya cha zamani. Matundu ya USB yenye ulimi mweusi au mweupe kwa kawaida ni ya kizazi cha pili, na yenye ulimi wa buluu ni ya kizazi cha tatu, ambacho huhamisha mafaili kwa kasi kubwa zaidi. Tundu la VGA lenye matundu madogo 15 limekuwapo tangu 1987, kwa hiyo peke yake halikuambii umri, lakini likiwa ndilo tundu pekee la kioo, bila HDMI wala DisplayPort, jua kwamba mashine hiyo ama ni ya zamani ama ilikuwa ya bei ya chini.

Usipuuze tundu la pini 9 lililo nyuma ya kompyuta nyingi za ofisi za zamani. Mnunuzi wa kawaida halijui, lakini mizani ya kielektroniki, mashine za maabara na baadhi ya vifaa vya karakana bado huzungumza na kompyuta kupitia tundu hilo. Mashine ambayo kwa mwanafunzi haina thamani kubwa yaweza kuwa ndiyo hasa inayotafutwa na mwenye kituo cha kupimia mazao, na hapo bei yake inabadilika.

Kitu kinachobeba thamani zaidi ni prosesa, ile chipu kuu inayofanya hesabu zote. Kompyuta zenye Core 2 Duo zilianza mwaka 2006. Zile za Core i3, i5 na i7 hutambulika kizazi kwa tarakimu zinazofuata alama ya kistari: i5-2400 ni kizazi cha pili, cha mwaka 2011, i5-3470 ni cha tatu, cha 2012, i5-4570 ni cha nne, cha 2013, i5-6500 ni cha sita, cha 2015, na i5-8500 ni cha nane. Muuzaji anayekuambia kwamba "hii ni Core i5" hajakuambia kitu bado, kwa kuwa kati ya i5 ya kizazi cha pili na ya kizazi cha nane kuna tofauti kubwa ya kasi na kubwa zaidi ya bei. Mwombe tarakimu zote nne.

Kizazi hicho kina uzito wa pekee sasa. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kwa kawaida kizazi cha nane au zaidi. Ndiyo maana ofisi nyingi zinatoa kwa wingi mashine nzima kabisa za kizazi cha nne hadi cha saba, na mnunuzi mwenye subira anaweza kupata kifaa kizuri kwa bei ya huruma, mradi akubali kutumia Linux au aelewe kwamba Windows 10 aliyonayo haipokei tena masahihisho ya kawaida ya usalama. Muuzaji naye ajue kwamba bei ya miaka mitatu iliyopita haipo tena.

RAM nayo ina vizazi visivyoingiliana. DDR2 hutumia volti 1.8, DDR3 volti 1.5 au 1.35, na DDR4 volti 1.2, na kila kimoja kina pengo lake mahali tofauti ili kisiingie kwenye tundu lisilo lake. Mashine ya DDR2 ni ngumu kuiongezea RAM, kwa sababu spea zake zimekuwa adimu. Ya DDR3 bado inaongezwa kwa gharama ndogo. Jambo hili liingie kwenye hesabu yako tangu mwanzo.

Hatua ya pili: itazame ikiwa haina umeme

Kitu cha kwanza kutazama ni swichi ndogo nyekundu nyuma ya pawa saplai (kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani), yenye tarakimu 115 na 230. Si kila pawa saplai inayo, kwa kuwa nyingi za baadaye hujirekebisha zenyewe, lakini ikiwapo iangalie kwa tochi. Umeme wetu ni volti 230. Kompyuta iliyotoka Marekani ikiwa bado imewekwa 115, ukiichomeka tu ukutani pawa saplai hupasuka kwa mlio, na wakati mwingine huchukua na bodi kuu. Nimeshuhudia hilo likimtokea kijana aliyekuwa ametoka kununua mashine mnadani, mbele ya wenzake, na ilikuwa mashine nzima kabisa hadi sekunde ile.

Sasa fungua ubavu wa mashine. Vumbi jekundu la kwetu husema habari nyingi. Vumbi kavu lililotulia kwenye mabawa ya kipoza joto si hatari kubwa. Litatoka kwa brashi. Vumbi lililoshikana na mafuta, kama lile la mashine iliyokaa karibu na jiko au kwenye steshenari yenye jenereta mlangoni, huzuia hewa na limeipika prosesa kwa muda mrefu. Angalia pia mijusi na mende. Mjusi akifa juu ya bodi kuu huacha majimaji yanayokula njia za shaba, na kinyesi cha mende hufanya hivyohivyo. Ukiona doa la kijani au nyeupe linalofanana na chumvi karibu na chipu, hapo pana kutu ya shaba, na punguza bei bila kuona haya. Mafundi wanaopokea mashine kutoka pwani hukutana sana na madoa hayo kwa sababu ya hewa ya chumvi. Ziwa Tanganyika ni la maji baridi, kwa hiyo mashine iliyozaliwa na kukulia Kigoma huharibiwa zaidi na unyevu wa mvua na vumbi kuliko chumvi. Muulize muuzaji ilitumika wapi, kisha ulinganishe jibu lake na unachokiona.

Ikiwa mashine imetoka stoo yenye unyevu, hasa kati ya Novemba na Aprili, isiwashwe siku hiyo. Iache wazi chumbani penye hewa usiku na mchana mzima.

Kisha zitazame kapasita, yale mapipa madogo yaliyosimama karibu na prosesa. Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu zaidi, na ninakusihi nawe usipapite haraka. Kapasita nzima ina kichwa bapa kabisa, chenye mikwaruzo ya makusudi yenye umbo la msalaba au herufi K. Weka tochi ubavuni, usiangaze kutoka juu, ili mwanga upite juu ya vichwa hivyo kama jua la asubuhi linavyopita juu ya ziwa. Chochote kilichovimba hata kidogo kitaonyesha kivuli. Iliyovimba, iliyopasuka kwenye mikwaruzo, au yenye ukoko wa kahawia juu yake imekwisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watengenezaji wengi wa kompyuta walipata kapasita zenye kimiminika kibovu, na mashine za miaka hiyo, hasa za enzi ya Pentium 4, bado hufika hapa zikiwa na ugonjwa huo. Mashine ya namna hii inaweza kuwaka vizuri dukani, kisha ikaanza kujizima yenyewe baada ya nusu saa ya kazi. Kapasita hubadilishwa na fundi mwenye mkono mzuri wa kuchomelea, lakini gharama ya kazi hiyo hulipa tu kwa mashine yenye thamani nyingine.

Monita za chogo nazo bado zipo. Usiifungue kamwe, hata ikiwa imechomolewa tangu jana. Ndani yake hukaa umeme unaofikia maelfu ya volti, takribani 25,000 kwa za rangi zikiwa zinafanya kazi, na sehemu ya umeme huo huweza kubaki baada ya kuzimwa. Kioo chake kina risasi, kwa hiyo isivunjwe wala isitupwe kwenye shimo la taka la nyumbani. Thamani yake kwa soko letu ni ndogo sana, na sishauri mtu kulipia zaidi ya usafiri.

Hatua ya tatu: iwashe kwa utaratibu

Ondoa kila kisichohitajika: kadi za ziada, diski ya pili, printa. Badilisha betri ya mviringo kama multimeta inasoma chini ya volti 2.7 au hivi, kwa maana mpya husoma 3 na kidogo. Betri hiyo ikifa mashine husahau saa na tarehe, na baadhi hukataa kuendelea mpaka ubonyeze kitufe. Watu wameuza kompyuta kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu ya betri ya bei ya soda.

Mwaka jana, mwishoni mwa masika, mwalimu mstaafu kutoka Ujiji alifika na kompyuta ya mezani aliyoifunga kwenye kanga. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Wamesema imekufa. Nataka nisikie kwako kabla sijaitoa." Alikuwa ameahidiwa shilingi 15,000 na mnunuzi wa vyuma. Ilikuwa ya kizazi cha tatu, kapasita zote bapa, vumbi kavu tu. Tulipoiwasha, feni zilizunguka na mashine ikalia mara kadhaa kwa mlio mfupi wa kurudiarudia, kioo kikiwa cheusi. Mlio wa aina hiyo karibu kila mara hulalamikia RAM. Niliizima, nikachomoa waya wa umeme, nikatoa vipande viwili vya RAM. Meno yake ya dhahabu yalikuwa yamefifia, yana ukungu wa kijivu kama kijiko kilichokaa kwenye ndimu. Nilisugua kila upande kwa kifutio cheupe, taratibu, kuelekea nje tu, nikafuta mabaki kwa kitambaa chenye spiriti, nikapuliza matundu, nikarudisha kipande kimoja. Iliwaka. Nikarudisha cha pili, nacho kikakubali. Baada ya vipimo vingine vyote nitakavyoeleza hapa chini, Mwalimu aliiuza kwa mwenye steshenari aliyekuwa jirani yangu kwa shilingi 140,000, na mnunuzi huyo anaitumia hadi leo kuchapia barua na maombi ya kazi.

Ikiwa mashine haitoi hata dalili, usikimbilie kusema bodi imeungua. Jaribu waya mwingine wa umeme na soketi nyingine. Kisha, mashine ikiwa imechomekwa na bado haijawaka, angalia kama kuna taa ndogo kwenye bodi kuu. Taa hiyo ikiwaka, pawa saplai inatoa angalau umeme wake wa kusubiri, na tatizo laweza kuwa kitufe cha mbele, RAM, au bodi.

Ikiwaka, pima pawa saplai ikiwa kazini. Chukua plagi ya bure yenye matundu manne iliyotengenezewa diski za zamani, weka ncha nyeusi ya multimeta kwenye waya mweusi na nyekundu kwenye waya wa njano: isome kati ya volti 11.4 na 12.6. Kwenye waya mwekundu isome kati ya 4.75 na 5.25. Ikishuka chini ya hapo mashine inapoanza kufanya kazi nzito, pawa saplai imechoka. Kwa mji ambao kwa miaka mingi ulitegemea majenereta ya dizeli, na uliozoea umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, kifaa hiki ndicho nimekikuta kimeumia mara nyingi kuliko vyote. Pawa saplai ya kompyuta kubwa ya kawaida hubadilishwa kirahisi. Ile ya kompyuta nyembamba za ofisi ina umbo lake la pekee, na kuipata huenda ukaagiza Dar es Salaam, kwa hiyo mashine nyembamba yenye pawa saplai mbovu ihesabiwe kuwa ya spea.

Hatua ya nne: pima kilichomo

Diski ndiyo inayodanganya zaidi. Sikiliza kwanza: mlio wa ko-ko-ko unaojirudia kwa mwendo sawa ni wa diski inayokufa, na data zilizomo ziokolewe kabla ya jambo lingine lolote. Kisha tumia programu inayosoma kumbukumbu ambazo diski hujiandikia yenyewe. Kwenye Windows, CrystalDiskInfo ni ya bure na ni rahisi. Tazama mistari mitatu: 05, unaohesabu sekta (vipande vidogo vya diski) zilizoharibika na kuhamishiwa akiba, C5, unaohesabu sekta zinazosubiri kuamuliwa, na 09, saa ambazo diski imekuwa ikizunguka. Miwili ya kwanza inatakiwa iwe sifuri. Nambari ndogo kwenye 05 ambayo haiongezeki baada ya wiki ya matumizi yaweza kuvumiliwa kwa diski ya kuhifadhia sinema, lakini C5 isiyo sifuri ni sababu ya kutoitegemea.

Kuna mtego hapa unaowanasa hata mafundi. Programu hiyo, isiporekebishwa, huandika thamani ghafi kwa mfumo wa tarakimu 16, unaotumia pia herufi A hadi F. Ukisoma 2710 kwenye mstari wa saa usidhani ni saa elfu mbili mia saba na kumi; kwa hesabu yetu ya kawaida ni saa 10,000. Ingia kwenye mipangilio uchague mfumo wa kumi, au soma saa zile zinazoandikwa juu upande wa kulia. Mwaka mmoja una saa 8,760, kwa hiyo diski yenye saa 35,000 imezunguka miaka minne bila kupumzika, pengine kwenye seva au kwenye kamera za ulinzi, hata kama muuzaji anaapa kwamba ilikuwa ya matumizi ya nyumbani.

RAM ipimwe kwa Memtest86+ angalau mzunguko mmoja mzima. Kosa hata moja ni kosa. Kabla ya kuitupa RAM, isafishe, ihamishie tundu lingine, urudie, kwa sababu wakati mwingine kinachoumwa ni tundu.

Joto lipimwe mashine ikiwa kazini, kwa mfano ikicheza video kwa nusu saa. Prosesa inayokaa nyuzi 40 hadi 50 ikiwa imetulia, na isiyovuka 80 ikiwa na kazi, iko salama. Inayokimbilia 95 na zaidi mara nyingi inadai tu kusafishwa na kupakwa upya ile grisi ya joto kati ya prosesa na kipoza, ambayo hukauka kama udongo baada ya miaka. Mengine, yaani sauti, USB zote, tundu la mtandao na kichoma CD, yajaribu moja baada ya jingine ukiwa ndani ya Linux ya flashi, hayachukui muda.

Kompyuta mpakato

Hizi zina magonjwa yake. Fungua na ufunge kifuniko polepole ukisikiliza bawaba. Zikikaza sana hupasua plastiki ya mwili. Kioo kikiwa cheusi lakini mashine inasikika ikiwaka, zima taa ya chumba na uangaze tochi kwa mshazari juu ya kioo. Ukiona picha hafifu, kama maandishi chini ya maji, basi kioo ni kizima na kilichokufa ni taa zake za nyuma au njia yake ya umeme, na hilo ni tatizo dogo kuliko kioo kilichopasuka.

Betri ipime kwa amri ya powercfg /batteryreport kwenye Windows. Ripoti itaonyesha uwezo betri iliyotengenezewa na uwezo ilionao sasa. Ikibaki chini ya nusu, ihesabu kama haipo. Betri iliyovimba, inayonyanyua kibodi au inayofanya mashine iyumbe juu ya meza, itolewe mara moja, isitobolewe wala kuchajiwa.

Jambo la mwisho la kompyuta mpakato, na kubwa, ni nywila ya BIOS. Washa mashine ukabonyeze F2, F10 au Delete, kutegemea mtengenezaji, uingie kwenye mipangilio ya msingi. Ikikudai nywila ambayo muuzaji haijui, acha. Kwenye mashine nyingi za ofisi nywila hiyo haiondoki kwa kutoa betri, na kuwapo kwake huashiria ama uzembe wa ofisi iliyoiuza ama mali isiyo ya anayeiuza.

Mashine za kale kabisa

Mara chache sana mtu huja na kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980, kama Commodore 64 au ZX Spectrum, zote za mwaka 1982, iliyoachwa na mmisionari au kuletwa na aliyesoma ng'ambo. Uhaba huo una sababu: mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo ilidumu hadi miaka ya 1990. Kwa hiyo aliyenayo ashike mambo mawili. Asiichomeke. Pawa saplai ya Commodore 64 ikizeeka huweza kutoa zaidi ya volti 5 na kuunguza chipu za kumbukumbu, ndiyo maana hupimwa kwanza ikiwa peke yake, na ikivuka 5.25 haitumiki. Na asiisafishe kwa nguvu wala kutupa boksi, kitabu na kanda zake, kwa kuwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani hulipia ukamilifu. Plastiki iliyogeuka manjano ni kawaida ya umri wake, iachwe ilivyo.

Wako pia wanaonunua bodi kwa ajili ya dhahabu. Dhahabu ipo kweli kwenye meno ya RAM na chini ya prosesa za zamani, lakini ni utando mwembamba mno, na kuitoa kwa asidi nyumbani kunadhuru mapafu ya anayefanya na ya watoto wake. RAM nzima ina thamani kubwa zaidi ikiuzwa kama RAM.

Hatua ya tano: taja bei

Kila kompyuta ina bei tatu: bei yake ikiwa nzima, bei yake ikigawanywa kuwa spea, na bei yake kwa kilo. Tafuta kwanza mashine ya kizazi kilekile inauzwaje Mwanga, kisha uliza bei ya Kariakoo na uongeze usafiri wa mzigo hadi huku. Bei ya haki haiwezi kuzidi jumla hiyo. Kisha toa kila kinachodai kutengenezwa. Kwa hesabu ya mfano tu, wala si bei ya soko, tuseme mashine kama hiyo ikiwa nzima ni shilingi 250,000. Yako inadai diski mpya ya SSD (isiyo na kitu kinachozunguka) ya 50,000, betri ya mviringo ya 2,000, na usafi pamoja na grisi kwa 10,000. Inabaki 188,000. Toa tena kitu kidogo kwa ajili ya yale usiyoweza kuyaona, tuseme 20,000 kwa mashine iliyopita vipimo vyote, na zaidi kwa ile uliyozuiwa kuifungua. Unafika 168,000. Kisha jumlisha bei za spea: RAM, prosesa, pawa saplai, kava. Spea zikizidi hiyo 168,000, hiyo ni mashine ya kugawanywa, na muuzaji aambiwe hivyo waziwazi.

Muuzaji, kabla hujaipeleka sokoni, okoa picha na nyaraka zako kwenye flashi au diski nyingine, kisha ufute diski nzima kwa kuiandika sifuri mwanzo hadi mwisho. Kufuta faili na kumwaga kapu la taka hakutoshi, kwani programu za bure huzirudisha kwa saa moja. Ofisi zina wajibu zaidi, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu waliohifadhi taarifa za watu, na kompyuta ya zahanati iliyouzwa mnadani ikiwa na majina ya wagonjwa ni jambo zito.

Andikishianeni. Karatasi iwe na jina la kila upande, namba ya utambulisho iliyo kwenye kibandiko cha mashine, kizazi cha prosesa, kiasi cha RAM, saa za diski kama zilivyosomwa siku hiyo, kasoro zote zilizoonekana, na siku ambazo mnunuzi anaruhusiwa kuirudisha. Mimi huweka siku saba. Shahidi awe mtu mnayemfahamu nyote wawili, na kama muuzaji hana risiti ya awali, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri mashine ikiwa mezani kwake.